Mwalimu wa Jumamosi na Kasri la Majini

Katika ukumbi wetu wa Parkdale, hapa Toronto, kila kilichovunjika kilivunjwa na Mwalimu wa Jumamosi. Kioo cha dirisha la nyuma ni yeye. Birika la umeme lililoungua bila maji ni yeye. Mguu wa meza ya kuchezea pingpong ni yeye pia, ingawa meza ilipoanguka alikuwa amesimama ubaoni, ametugeuzia mgongo sote. Mama Mwenyekiti, mwanamke wa Tanga aliyesimamia ukumbi ule kama sebule ya mama yake, alikuwa akija na mikono kiunoni kuuliza nani kafanya hivi, na kabla mtoto yeyote hajameza mate Mwalimu alishajibu:

"Ni mimi, Mama Mwenyekiti."

Watoto walimzoea upesi. Ilifika mahali wakawa wanacheza mpira ndani ya ukumbi bila hofu. Mama Mwenyekiti hakudanganyika hata siku moja, lakini angemfanya nini mzee mwenye mvi, aliyevaa tai Jumamosi asubuhi, aliyekuja kwa tramu kwenye baridi kuwafundisha watoto wa wenzake Kiswahili? Aliguna, akaondoka. Nami, niliyekuwa nikimsaidia Mwalimu kugawa karatasi na penseli kwa kuwa binti yangu Zuhura alikuwa darasani, nilidhani ni upole tu uliozidi kipimo. Nilimwonea huruma kidogo, na kidogo aliniudhi.

Kiswahili alikifundisha kwa njia yake. Wazazi tulitarajia nyimbo, salamu, majina ya wanyama. Yeye alifundisha kasri. Jumamosi ya kwanza alichora mstari mrefu ubaoni, bila rula, ukanyooka kama uzi uliovutwa. Akasema, haya ni maji. Chini ya mstari akachora vijiti vingi vilivyosimama wima, akasema hizi ni nguzo za mwaloni, mti mgumu wa huko Denmaki. Watu walikata msitu mzima wakaupigilia kwenye tope la ziwa. Ndipo juu ya nguzo akaweka nyumba: kuta nyekundu za matofali, minara miwili ya duara kwenye pembe, paa lenye mwinuko mkali. Kuizunguka nyumba yote akaacha maji, na juu ya maji akaweka daraja moja la kuinuliwa.

"Hili tunaliitaje?" aliuliza, akigonga maji kwa makapeni, ile kalamu nene ya ubaoni.

Hakuna aliyejua. Wengine walijibu kwa Kiingereza.

"Handaki," alisema. "Handaki la maji. Semeni."

Wakasema. Hivyo ndivyo watoto wa Parkdale na Regent Park, ambao wakiulizwa na bibi zao kwenye simu habari za shule hujibu kwa Kiingereza, walivyojifunza kusema handaki, mnara, kizingiti, boriti na chokaa kabla ya kujua kusema naomba chumvi. Zuhura alikuwa akinisahihisha jikoni. Mama, hiyo siyo dari, hiyo ni boriti.

Mzazi mmoja wa Lindi alilalamika. Alisema kwetu kuna magofu ya Kilwa, kuna misikiti ya matumbawe, kwa nini watoto wetu wajazwe majumba ya mabwana wa Ulaya? Hoja ilikuwa nzuri na Mwalimu aliikubali. Jumamosi iliyofuata alileta picha za Kilwa, akafundisha kwa adabu, kama mtu anayesoma taarifa. Watoto wakamwomba arudishe kasri. Baadaye alimwambia yule mzazi kwamba Kilwa aliiona kwa matembezi, lakini lile kasri alilipima kwa kamba na kulala ndani yake, na mtu hufundisha vizuri kile ambacho mikono yake imekishika.

Alikuwa kijana mwanafunzi wa ujenzi wa kale, kwa ufadhili, alipopelekwa huko na chuo chake kusaidia kupima na kuchora. Kasri lenyewe, alisema, lilijengwa karne ya kumi na sita, Ulaya ilipokuwa inafufua mambo ya Warumi na Wagiriki na kuyaita Renesansi. Aliwaeleza watoto hivi: zamani bwana mkubwa alijenga ngome kwa sababu aliogopa. Halafu ukaja wakati mabwana wakaanza kutaka madirisha. Walitaka mwanga, bustani, vyumba vya kucheza muziki, wageni waseme mwenye nyumba hii amesoma. Lakini vita vilikuwa vimepita juzi juzi na woga ulikuwa haujawatoka. Kwa hiyo wakajenga nyumba yenye mambo mawili: chini kuta nene zenye vitundu vya bunduki, juu madirisha mapana na mapambo.

"Ukiitazama kutoka bustanini," alisema, "chini inaogopa na juu inajivuna."

Watoto walichopenda zaidi ni ukuta wa katikati. Kasri lilikuwa kweli nyumba mbili ndefu zilizobanana, na ukuta uliozitenganisha ulikuwa mnene kiasi cha kuficha ngazi ndani yake, na kisima. Adui akichukua nyumba ya mbele, wenyeji wanapanda ngazi za ukutani na kuhamia ya nyuma, na maji ya kunywa wanayo. Mwalimu aliwahi kupanda ngazi hizo gizani akipapasa matofali. Aliposimulia hapo, hata wale wakubwa waliokuja kwa kulazimishwa na mama zao waliweka simu chini.

Mtoto akimletea mchoro mzuri wa kasri, wenye bendera na farasi, hakusema vizuri sana. Alisema, "Sasa nionyeshe kinachokaa chini." Mtoto alirudi kuchora nguzo. Alitaka kila mmoja ajue kwamba nyumba ile nzito inasimama juu ya miti, na kwamba mti ukibaki ndani ya maji haukauki wala hauozi, unaweza kukaa karne na karne. Maji yakiondoka ndipo mambo yanaharibika. Alilirudia hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkali kwa uongo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Mtoto akisema amesahau daftari kwenye tramu na kumbe hakuandika kazi, Mwalimu alimtoa nje ya darasa akakae kwenye korido mpaka mwisho. Mwalimu huyo huyo aliyedanganya mchana kweupe kuhusu birika. Nilimuuliza siku moja anawezaje. Akasema kujibebesha kosa si sawa na kulikimbia. Nikamwambia watoto hawaoni tofauti hiyo. Akatafuta miwani yake mfukoni, akabadili mazungumzo.

Na kwa mwanawe alikuwa mtu mwingine kabisa. Mwana huyo, mtu mzima mwenye familia Richmond Hill, anafanya kazi ya bima. Nilikutana naye mara ya kwanza kwenye arobaini ya mama yake, mke wa Mwalimu, mwanamke mcheshi ambaye ndiye aliyekuwa akiwaita watu nyumbani. Tulisimama kwenye korido ya jengo lao, viatu vya wageni vimejaa mlangoni, nami nikaanza kumsifu baba yake kwa jinsi anavyowabeba watoto wetu. Alinisikiliza, akajibu kwa Kiswahili cha shida, akichagua kila neno:

"Makosa ya watoto wa watu anayachukua yeye. Ya kwangu aliniachia mimi."

Akaniambia kwamba alipokuwa mdogo aliwahi kuvunja bilauri na kuificha chini ya sinki, na baba yake hakumsemesha kwa muda mrefu mpaka mama akaingilia kati. Nilienda kusaidia kugawa pilau.

Sasa nifike kwenye ufa.

Kila alipochora kasri, Mwalimu aliweka mstari mwembamba kama unywele kwenye mnara wa mashariki, ukipanda kutoka majini hadi karibu na paa. Aliuchora bila kuutaja. Watoto walidhani ni makapeni imeteleza. Zuhura, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na macho ya kuudhi, ndiye aliyeuliza. Alisema mstari huo upo kila wiki, mahali pale pale.

"Ni ufa," alisema Mwalimu.

Zuhura akauliza nani aliupasua mnara.

Nilikuwa nachonga penseli, nikainua kichwa.

"Mlinzi wa maji," alisema. "Alisahau kufunga lango."

Halafu akafuta ubao mzima, saa ya kuondoka ikiwa bado, akawaambia watoto wachore chochote wanachotaka.

Nyumbani Zuhura hakutulia. Alitafuta kwenye mtandao: kasri, Denmaki, nguzo za mwaloni, minara miwili. Akalipata. Lilikuwa na tovuti nzuri, picha za bustani, saa za kufungua, na ukurasa wa visa wanavyovipenda wageni. Kisa kimojawapo kilikuwa cha ufa. Kilisema kwamba zamani kidogo mafundi walipunguza maji ya handaki ili wakague ukuta, na mlinzi wa lango la maji, akiwa amelewa, akalala na kuliacha wazi. Maji yakaisha, ukingo wa tope ukaporomoka, mnara ukapasuka. Jina lake liliandikwa. Walikuwa wamechora na kikatuni, mtu mwenye pua nyekundu amekumbatia chupa kando ya daraja.

Jumamosi iliyofuata Zuhura alimkimbilia Mwalimu na simu, amefurahi kwamba amelipata kasri lake. Mwalimu alisoma akiwa amesimama. Alisogeza kidole juu ya kioo, akarudi mwanzo, akasoma tena. Alipofika kwenye kikatuni aliirudisha simu taratibu.

"Mtu huyu alikuwa haonji hata bia," alisema, si kwa mtoto, wala kwangu. "Alikuwa akinywa maziwa mgando."

Akatoka nje. Koti lake lilibaki kwenye kiti na theluji ilikuwa inaanguka. Nililichukua nikamfuata, nikamkuta kwenye kibanda cha kituo cha tramu, ameketi wima kama mtu anayesubiri kuitwa. Nilimvisha koti. Tramu mbili zilipita bila sisi kupanda, na hapo akanieleza.

Mlinzi wa maji ndiye aliyekuwa rafiki yake wa kwanza katika nchi ile. Wengine walimstaajabia yule kijana mweusi. Mlinzi alimpa ufagio. Alimfundisha Kidenmaki kwa kumwonyesha vitu, akamkaribisha kwenye kijumba kidogo cha matofali kando ya lango, kijumba kilichokuja na kazi. Mke wa mlinzi alikuwa mjamzito baada ya kukaa miaka mingi bila mtoto. Ilipofika wiki ile ya kukagua ukuta, maji yalikuwa yakishushwa kidogo mchana na lango likifungwa jioni ili yajae tena. Ijumaa uchungu ukamshika mke. Mlinzi akamwambia kijana: mimi nampeleka hospitali, jioni nifungie lango. Akamwonyesha gurudumu la kuzungusha, ingawa kijana alishaliona likizungushwa mara nyingi.

"Nikasema sawa," aliniambia Mwalimu. "Halafu wenzangu wa chuo wakapita na gari. Mjini kulikuwa na dansi."

Aliondoka akijiambia atarudi kabla ya giza. Hakurudi mpaka Jumapili. Handaki lilikuwa tope tupu, samaki wamelala ubavu, ukingo wa mashariki umeteremka na kuvuta nguzo kadhaa, na ufa umeshapanda mnarani. Mwenye kasri alikuwa amesimama pale na mafundi. Alimuuliza mlinzi, aliyekuwa ametoka hospitali asubuhi hiyo hiyo, nani alikuwa na zamu ya lango.

"Alinitazama," alisema Mwalimu. "Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayekupisha mlangoni. Nami sikusema kitu. Basi akasema, zamu ilikuwa yangu."

Mlinzi alipoteza kazi, na pamoja na kazi, kijumba. Mke wake alitoka hospitali na mtoto mchanga wa kike akakuta vitu vyao vimepangwa nje. Mwanafunzi yeye alipewa kazi ya kuchora ule ufa, tofali kwa tofali. Michoro yake ilisifiwa chuoni, ikamfungulia milango, na ndiyo iliyomfikisha mpaka Toronto kwenye ofisi za wachora ramani alikofanya kazi hadi kustaafu.

Nilipaswa kumfariji. Badala yake nilimwambia, "Mwalimu, wiki iliyopita uliwadanganya watoto."

"Ndiyo."

"Ulimsingizia tena."

"Ndiyo, Mama Zuhura. Nilifungua mdomo, uongo ukatoka wenyewe, kana kwamba miaka yote hii ulikuwa umekaa hapo unasubiri kuulizwa."

Nikamuuliza kwa nini hakuandika, hakupiga simu, hakurudi. Alisema mwanzoni aliogopa kunyang'anywa ufadhili na kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Baadaye, hatari hiyo ilipokwisha, akaogopa kuulizwa kwa nini amechelewa. Na kila mwaka ulioongezeka uliifanya hofu hiyo ya pili kuwa kubwa zaidi.

Nilimchukua Zuhura ukumbini, nikapanda tramu kurudi Regent Park naye pembeni yangu, nikijiona mimi ndiye mwenye kosa. Nilikuwa nimemsema mzee wa rika la baba yangu kituoni, kwenye theluji, na nilijua nimesema kweli, na kujua huko hakukunisaidia.

Jumamosi iliyofuata alikuja mapema. Aliwakalisha watoto, akawaambia kwamba mlinzi wa maji hakusahau kitu na hakulewa. Aliyesahau ni yeye. Alisema kwa Kiswahili chepesi ili wote waelewe, na alipoona mmoja hajaelewa, alirudia kwa Kiingereza. Hakuongeza maneno ya kujitetea, hata lile la ujana. Zuhura akauliza kwa nini mlinzi hakumtaja.

"Sijui," alisema Mwalimu. "Hilo ndilo sijui."

Watoto walikwenda nyumbani bila kukimbizana. Wiki hiyo mmoja wao alimfuata Mama Mwenyekiti, akakiri juu ya kioo cha dirisha la nyuma. Mama Mwenyekiti akamwambia anajua siku nyingi, achukue ufagio.

Tulipiga simu kwenye kasri kutoka meza ya jikoni kwa Mwalimu. Aliweka spika. Alikuwa hajasema Kidenmaki kwa miaka mingi na mwanzoni kilimtoka kwa kukwaruza; kisha kikalainika, na nikaona uso wake unabadilika, ukawa uso wa kijana anayejaribu kueleweka. Aliyepokea alikuwa msichana anayewatembeza wageni. Alikuwa mpole. Mwalimu alinitafsiria baadaye: msichana alisema kisa kile wageni wanakipenda sana, hasa watoto, na kwamba angewafikishia wakubwa. Halafu alisema jambo jingine. Kuna mwanamke wa mji wa jirani anayekuja mara kwa mara kulalamika juu ya kikatuni kile. Anasema mlevi yule ni baba yake.

Mwalimu aliweka simu chini. Akasema, "Yule mtoto mchanga." Akasema anakwenda.

Mwanawe alikataa. Moyo wa Mwalimu haukuwa mzuri, daktari alishaonya kuhusu safari ndefu. Alinipigia mimi akiwa amekasirika, akaniambia niache kumtia baba yake mawazo. Nilimuuliza kama baba yake amemweleza anakokwenda na kwa nini. Alisema baba yake huwa haelezi, hutangaza. Nikasema basi mwombe akueleze. Sikuwa na haki ya kusema hivyo. Kama mzee angekufa ndani ya ndege, ningemwangalia vipi mtu huyu?

Sijui walisemezana nini. Ninachojua ni kwamba mwana aliomba likizo, na wakaondoka wote wawili.

Nilikwenda kuwaona waliporudi, Jumapili moja theluji ilipokuwa imebaki vipande vichafu kandokando ya barabara. Mwalimu alikuwa amehamia kwa mwanawe, Richmond Hill, kwa sababu safari ilimdhoofisha kweli. Alikuwa ameketi sebuleni karibu na dirisha, blanketi magotini, amekonda shingo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ile ile ya darasani. Mwanawe alileta chai na kuketi nasi, jambo ambalo sikulitegemea.

Walianzia kasrini. Yule msichana aliwapokea, na kundi la wageni lilipofika chini ya mnara, akampa Mwalimu nafasi aseme. Akasema yote, kwa Kidenmaki, amesimama kwa kuegemea bega la mwanawe: lango, dansi, mtoto aliyezaliwa, kimya chake.

"Wakapiga makofi," alisema Mwalimu.

"Walidhani ni sehemu ya matembezi," alisema mwanawe.

Kikatuni kimeondolewa. Siku hizi wageni wanasimuliwa kisa cha mwanafunzi kutoka Afrika aliyekwenda kucheza dansi, na msichana amewaambia kwamba nacho kinapendwa. Nilitaka kukasirika kwa niaba yake. Mwalimu alitikisa kichwa, akasema afadhali hivyo, kisa kimempata mwenyewe.

Kisha walikwenda kwa yule mwanamke. Ni mwalimu wa shule ya msingi, umri wake unakaribia kustaafu, nyumba yake ina paka wengi. Aliwapa kahawa na mikate, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alisema baba yake alifariki yeye akiwa msichana mdogo. Walihamahama, nyumba za kupanga, baba akifanya kazi za vibarua kwa kuwa hakuna aliyetaka kumpa lango jingine. Na mama yake alipokuwa akimlaumu baba kwa nini hakumtaja yule kijana, baba alikuwa na jibu moja tu.

Mwalimu alilisema kwanza kwa Kidenmaki, akiwa amefumba macho, halafu kwa Kiswahili:

"Atakuja kusema mwenyewe. Nikimsemea, nitakuwa nimemnyang'anya."

Mwanawe alikuwa anatazama kikombe chake.

"Nikamwomba msamaha," aliendelea Mwalimu. "Akasema hapana. Akasema nyumba angeweza kunisamehe, na kazi pia. Lakini baba yake alinifikiria mema mpaka siku anakufa, na hilo hawezi."

Alisema bila kujihurumia, kama mtu anayesoma kipimo kwenye kamba. Nilimuuliza kama alijuta kwenda. Alifikiri, akasema kwamba watu wote aliowaambia, mimi, watoto, mwanawe, hata wale wageni na makofi yao, tulifanya haraka kumwondolea mzigo. Yule mama peke yake ndiye aliyeuona uzito wake.

Simu ililia. Mwanawe aliitazama ilipokuwa mezani, akampa baba yake, akaniashiria kwa macho nimfuate. Mwalimu alitoa blanketi magotini, akakaa wima, akasubiri kidogo kabla ya kupokea.

Jikoni niliuliza ni nani. "Ni yeye," alisema mwanawe. "Anapiga kila Jumapili." Alieleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno. Yule mama hajasamehe, na humwambia hivyo kila wiki kabla ya kuagana. Lakini anampoteza baba yake kichwani, alikuwa mdogo mno, na mama yake naye ameshafariki. Hakuna mtu mwingine aliye hai anayejua mlinzi wa maji alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akicheka, alikuwa akiimba nini akizungusha gurudumu la lango wakati anamsubiri mtoto wake azaliwe. Kwa hiyo anauliza, na baba anajibu.

"Na wewe?" nilimuuliza.

Aliosha kikombe ambacho kilikuwa safi. "Ndani ya ndege aliniomba radhi kwa bilauri," alisema. "Nilikuwa nimeshaisahau. Sikuwa nimeisahau."

Kutoka sebuleni sauti ya Mwalimu ilitufikia, ya lugha nisiyoijua, ikisimama, ikianza tena. Mara ikapanda na kuwa wimbo, mbaya, wa sauti ya mzee isiyopatana na noti, mistari michache tu. Kisha kimya kirefu, yule mama akisema kitu upande wa pili. Nilivaa koti langu. Nilipita mlangoni pa sebule bila kuaga, kwa kuwa Mwalimu alikuwa ameshaanza kuimba tena, polepole zaidi, akimngojea yule mama amfuatishe.